Mkono wa Mwisho Siniani

Jumapili, 2 Februari 2014. Nosy Be, Madagaska

Nafissa amepiga simu kutoka Reunion. Binti yetu hasalimii siku hizi, huanza katikati. Hospitali ya huko imekubali, mama yake atapasuliwa Aprili. Watalikata tumbo la chakula na kumwachia kipande cha ukubwa wa ndizi. Nikauliza, ndizi gani? Kisiwani hapa tunazo za urefu wa kidole na za urefu wa mkono wa mtoto. Kwa mtu atakayeishi na tumbo hilo, tofauti si ndogo.

"Baba, mpe mama simu."

Rahamatou akaenda kuzungumza chumbani. Alipotoka alikuwa na uso wa mtu aliyekwisha kufunga mizigo. Magoti, alisema. Presha. Ngazi za sokoni. Na zile karatasi za uraia wa Kifaransa alizoachiwa na baba yake, zilizolala sandukuni miaka yote, zimemfungulia mlango wa hospitali.

Nikamwambia hiyo ni njia ya mkato. Wenzake wanajinyima, wanatembea, wanashinda na maji ya ndimu. Yeye atalala mnene, ataamka mwembamba. Ni kudanganya, nikasema.

"Baba Nafissa," akasema, "wewe umejinyima nini tangu nikujue?"



Jumatatu, 3 Februari

Jibu limekuja asubuhi, nikinyoa ndevu. Nitajinyima! Tumbo langu nalo hunitangulia mlangoni miaka mingi sasa. Yeye kwa kisu, mimi kwa subira. Mizani itakuwa harusi ya Laïla, binti wa Sittou, mdogo wa Rahamatou, mwezi wa Juni huko Mahajanga. Hapo tutaona ipi ni njia ya wavivu.

Rahamatou alicheka mpaka kiti kikalia. Nikamwambia hata kiti kinaomba apungue. Akacheka tena, akaniwekea sahani ya mokari, vile vitumbua vya mchele na nazi anavyouza jirani yetu Oumi. Nilikula viwili. Kujinyima kutaanza kesho. Jambo zito halianzwi na mtu aliyeshtukizwa.

Kwa haki niseme: nilikuwa karani wa kiwanda cha sukari miaka ishirini na kitu. Chai ya vijiko vinne kwangu ilikuwa uaminifu kwa mwajiri.

Hayo yote naweza kuyaandika kwa uhuru. Hiki ni Kiswahili cha shule yangu ya Unguja, na humu nyumbani hakuna anayekisoma. Wao wana Kimalagasi cha sokoni, Kifaransa cha karatasi, na Kingazija cha kugombana. Wakisema, mimi huwatafsiri hapa. Pengine nawapendelea.

Jumamosi, 15 Februari

Akika ya mjukuu wa Oumi. Sisi wanaume tulikuwa barazani, lakini kelele za ndani zilitufikia: wasichana walikuwa wakigombea kukaa sinia moja na Rahamatou. Oumi akawaambia watulie, sinia halina miguu, halitakimbia.

Sababu yao naijua. Kwetu mkubwa ndiye hutia mkono wa kwanza siniani, na akiutoa, wote wanatoa. Hata kama tonge liko njiani. Wako wazee wa matumbo madogo, au wa roho ndogo, wanaotoa mkono mapema, na vijana huondoka wakiitazama nyama kama watu walioachwa na meli. Rahamatou hatoi. Anakula polepole, anakula kwa muda, anachambua samaki na kuisogeza minofu upande wa wengine, na mkono wake ndio wa mwisho. Hakuna aliyewahi kuondoka na njaa kwenye sinia lake. Watu husema ni unene. Mimi naona ni cheo.

Hakuwa hivyo zamani. Tulipoondoka Mahajanga, Desemba ya 1976, siku zile Wangazija walipokuwa wakisakwa mitaani, alikuwa mwembamba kama ufito, na tulifika huku na nguo za mwilini. Hapa Nosy Be aliapa kwamba nyumbani kwake hakuna mtu atakayeona chini ya sufuria. Na hakuna aliyeona.

Sasa wanataka kumwachia ndizi.

Tukirudi nyumbani, yeye akipumzika kila baada ya nguzo mbili za umeme, nilijiuliza jambo ambalo sikumwambia. Tangu mwaka 1971 sisi wawili tunakula sinia moja, kila mtu na upande wake. Nitakula na nani?

Alhamisi, 27 Machi

Yuko Reunion kwa Nafissa. Kumbe kabla ya kisu kuna rejimu. Neno la Kifaransa, maana yake kunyimwa chakula na watu wenye adabu. Wiki mbili za supu, mtindi, na kuku asiye na mafuta wala furaha, ili ini lisinyae na daktari apate nafasi ya kupitisha vyombo vyake.

Nikamuuliza kwenye simu, kama unajinyima, kisu cha nini tena?

Akasema daktari amemweleza: kisu hakimwondolei mtu kujinyima, kinamfungia mlango asitoroke.

Nimeahidi kufanya rejimu hiyo pamoja naye, kila mtu kwenye kisiwa chake. Supu ya mboga asubuhi. Supu ya mboga mchana. Alasiri Oumi akapita na kikapu.

"Mzee, unazitazama tu?"

Nikamwambia niko kwenye rejimu. Akanionea huruma. Akasema mokari za leo zimetoka ndogo. Zilikuwa ndogo kweli. Nilikula tano kwa sababu hiyo.

Alhamisi, 10 Aprili

Wameingia naye ndani. Nafissa atapiga.

Sijala. Si rejimu.

Baadaye — ameamka. Ameuliza kama nimewapa kuku maji.

Jumapili, 13 Aprili

Nimezungumza naye. Sauti imekuwa ndogo, kama imetoka chumba cha tatu. Ana matundu matano tumboni, kila moja na plasta yake. Maji anakunywa kwa kijiko cha chai. Kikombe kimoja kinamchukua asubuhi nzima, na akikosea akameza haraka, kifua kinabana kama kuna mtu anausukuma mlango kwa bega kutoka ndani.

"Baba Nafissa, mimi niliyemaliza masinia nimeshindwa na maji."

Alitaka nicheke. Nilicheka.

Akauliza habari za rejimu yangu. Nikasema inaendelea. Akauliza habari za Oumi. Nikasema hajambo.

"Na mokari?"

Hazijambo pia.

Jumamosi, 17 Mei

Amerudi. Uwanja wa ndege nilikuwa nikitazama juu ya vichwa vya watu, nikimtafuta mke wangu, akaja mama mmoja kusimama mbele yangu. Nikampisha apite. Hakupita. Leso imemzunguka mara mbili na ncha yake bado inaning'inia.

Mchana alikataa msaada, akapika mwenyewe. Wali wa nazi, samaki, achari ya embe. Akaweka sinia mkekani tukakaa, kila mtu upande wake. Mimi mkubwa nikatia mkono. Yeye akafinyanga tonge la ukubwa wa zabibu. Akatafuna. Akatafuna tena. Nilikuwa nimesahau kwamba wali una kazi kiasi hicho. Maji hayakuwepo: maji na chakula, anasema, ni marufuku kukutana ndani ya ndizi. Baada ya matonge manne akatoa mkono.

Upande wake wa wali ulibaki mzima, laini, kama ukuta uliopigwa lipu jana. Upande wangu ulikuwa na shimo. Nikatoa mkono nami.

"Kula," akasema.

"Nimeshiba."

"Hujawahi kushiba kwa matonge manne tangu uzaliwe."

"Nilizaliwa kabla yako. Hujui."

Tukabaki tunalitazama sinia, kama watu wawili waliokuta mzigo barabarani na hawamjui mwenyewe.

Alhamisi, 29 Mei

Jambo la ajabu. Leo asubuhi mkanda wangu umefika tundu ambalo halijawahi kutumika. Ngozi yake hapo bado mpya. Sikujua nimefanya nini cha sifa. Kisha nikaelewa. Kila siku anapotoa mkono, nami natoa. Siwezi kuendelea kula mbele ya ule ukuta wa lipu. Na nikiona haya kula peke yangu siniani, naona haya zaidi kwenda kula kwa Oumi.

Kwa hiyo kisu kimemkata yeye, ninakonda mimi.

Nilimweleza, nikidhani atafurahi. Akasema basi njia ya mkato umeipata wewe. Hukudungwa sindano, hukutapika, na kitana chako hakijai nywele. Ni kweli, nywele zinamtoka. Vidonge vya vitamini ni vya kila siku, maisha yote. Jana kipande cha mkate kilimweka uani nusu ya mchana, ameshika mti wa mpapai. Njaa, anasema, haisikii tena. Lakini akipita jikoni kwa Oumi husimama akavuta harufu, jinsi mtu anavyosimama mbele ya nyumba aliyozaliwa na sasa wanaishi wengine.

Mtaa mzima unamsifu. Oumi anataka siri. Rahamatou anamjibu, "Rejimu tu, na subira."

Nikamtazama. Oumi alipoondoka nikamuuliza kwa nini hasemi.

"Nikisema kisu watasema nimedanganya. Mtu mmoja amekwisha kusema."

Akaendelea kukuna nazi.

Jumatano, 11 Juni. Mahajanga

Tumefika. Zamani kwenye gari la abiria tulimkatia viti viwili. Safari hii kimoja, na hata hicho aligawana na kikapu chake.

Kutoka kituoni tulipanda puspus, kigari cha magurudumu mawili kinachovutwa na mtu. Kimoja. Sote wawili. Mvutaji hakutupima kwa macho wala hakumwita mwenzake. Alinyanyua tu mikono ya kigari akaondoka. Mara ya mwisho kukaa bega kwa bega katika puspus ya mji huu nilikuwa na miaka thelathini na sita. Tulipita mtaa wa Ampisikina. Nyumba yetu ya zamani imeongezwa ghorofa, na kwenye roshani kulikuwa na nguo za watoto zimeanikwa. Hatukumwambia mvutaji asimame.

"Mifupa yako inanichoma," nikamwambia baadaye.

"Ndiyo niliyokuwa nakufichia," akasema.

Tulipofika mtaa wa Mahabibo, Sittou alitoka mlangoni akamzunguka dada yake kama mtu anayenunua mbuzi. "Dada, ni wewe? Au umemtuma mwanao?" Wakacheka, wakakumbatiana, wakatoka machozi. Mumewe Boinali akachukua mizigo. Wakawa wanamuuliza Rahamatou amefanyaje. Rejimu, akasema.

Keshokutwa yeye, mwanamke mkubwa wa ukoo, atakaa sinia la bibi harusi. Sittou hataki mpishi aliguse sinia hilo, atalipika kwa mkono wake. Nikamnong'oneza Rahamatou: mweleze leo, kabla. Akasema baada ya harusi. Mtu mwenye harusi hapelekewi habari za hospitali.

Ijumaa, 13 Juni

Magharibi haijaingia. Niko barazani. Ndani wanawake wameacha kuimba.

Ilikuwa hivi, kama alivyonieleza Rahamatou, na Boinali akajazia. Baada ya sala ya Ijumaa likatolewa sinia la bibi harusi. Pilau ya samli, nyama juu yake kama kilima. Walikaa Laïla, shangazi zake bwana harusi, na wasichana wawili wa nyumba. Rahamatou akatia mkono wa kwanza. Tonge la kwanza likashuka. La pili likashuka. La tatu lilikuwa na nyama, na shangazi mmoja alikuwa akimuuliza habari za Nosy Be, na adabu ilimtaka ajibu. Akameza ili ajibu.

Kifua kikafunga. Jasho likamtoka. Akajua kwamba akikaa pale atatapika mbele ya bibi harusi. Akatoa mkono, akainuka kwa kushika ukuta, akatoka.

Na mikono yote ikatoka pamoja na wake.

Wakanawa. Hakuna aliyejua afanye nini kingine. Sinia likarudi jikoni na kilima chake, Sittou amesimama pale na mwiko. Sinia likirudi limejaa, jikoni hawaulizi, wanajua wametukanwa. Na hili lilikuwa la bibi harusi, na aliyelirudisha ni dada wa mama yake.

Sittou alisema mbele ya wapishi: alituacha katika mji huu wakati wa moto, leo amerudi mwembamba kama mke wa mzungu kutuonyesha kwamba chakula chetu hakimshuki.

Wakati wa moto, ile Desemba ya 1976, Sittou alibaki kwa sababu jamaa zake Boinali, Wasakalava wenyeji wa pwani hii, walimficha. Sisi hatukuwa na wa kutuficha. Hakuna aliyekosea. Wala hakuna aliyewahi kulizungumza.

Rahamatou amelala, uso kaelekeza ukutani.

Jumamosi, 14 Juni

Sittou anamwamkia dada yake kwa maamkizi kamili, hapunguzi hata neno, jinsi mtu anavyowaamkia wageni wa mbali. Chai imeletwa na mtu mwingine.

Boinali akanivuta pembeni. "Shemeji, mkeo ana kinyongo gani? Wangu hajala tangu jana."

"Na wangu," nikasema, "hajala tangu Aprili."

Alicheka, akidhani ni mzaha. Nikamwacha adhani.

Nikamwendea Rahamatou. Mwambie tu, nikasema, ni mdogo wako. Akasema nyumba nzima imekwisha kumsifu kwa subira; leo asimame aseme kuwa alikatwa? Watasema kumbe hata subira ni ya uongo. Afadhali wamwone mwenye kiburi. Kiburi watu hukizoea.

Nikamwambia subira ni kikombe cha maji cha asubuhi nzima. Nikamwambia mimi nilipewa wiki mbili za supu nikashindwa na vitumbua, tena vidogo. Yeye hana pa kutorokea, anaamka kila siku humo humo. Neno lile la Februari, kudanganya, nalirudisha, sikujua maana yake.

"Liandike," akasema, "kwenye hayo maandishi yako nisiyoyasoma."

Nimeandika. Lakini bado hajatoka chumbani.

Jumapili, 15 Juni

Bibi harusi amepelekwa kwa mumewe, mtaa wa Tsaramandroso, na nyumba nzima imemfuata kwa ngoma. Tumebaki wanne. Boinali na mimi barazani, yeye na tasbihi, mimi na kalamu. Kati yetu na ukumbi kuna pazia tu.

Sittou ametoka jikoni amebeba sinia. Ameliweka mkekani mbele ya dada yake. Pilau ile ile ya Ijumaa, ameipasha, nyama juu. Akakaa ng'ambo ya pili.

"Tule, dada."

Tasbihi ya Boinali ikasimama.

Bangili za Rahamatou nazijua. Zililia mara moja, mkono ulipoingia. Kisha kutafuna. Sittou naye. Nikangoja zilie tena, mkono ukitoka. Hazikulia. Nikachungulia pembeni ya pazia, jambo nisilolifanya kwa kawaida. Mkono umo siniani. Hauli. Unachambua nyama, unaitoa nyuzinyuzi, unaisogeza upande wa Sittou. Na Sittou anakula kwa hasira, kama anayelipiza kitu.

"Mbona huli?" akauliza.

"Nakula."

"Unanilisha."

"Ndiyo kula kwangu siku hizi."

Halafu Rahamatou akaukamata mkono wa mdogo wake, na wali wake wote vidoleni, akaubandika juu ya gauni, tumboni mwake mwenyewe. Hapa, akasema. Na hapa. Ni matundu matano. Akamweleza kwa ufupi — Reunion, ndizi, vijiko vya maji, Ijumaa. Hakutafuta maneno mazuri.

Kisha Sittou akauliza, bila kumtazama, kama si afadhali hivyo kuliko kujinyima.

Rahamatou alifikiri. Akasema kujinyima ni kule kule, ila zamani aliweza kusema ataanza kesho.

Sittou hajajibu. Mkono wake umerudi siniani, umetulia juu ya wali. Wa dada yake pia umo. Hakuna anayekula na hakuna anayetoa. Pilau inapoa.

"Baba Nafissa," Rahamatou ameita. "Mkono wangu umechoka. Njoo."

Mimi ni mkubwa wao wote wawili. Nikitia mkono, wa mwisho utakuwa wangu, na itabidi nile mpaka Sittou aseme kitu. Namjua Sittou. Pilau ya samli, nyama ya mafuta, na mkanda wangu uko kwenye tundu jipya. Boinali amekwisha kuinuka na birika, ananimwagia. Mkono umelowa, kalamu inateleza —